Alipata 18 kati ya 20, alafu akakaa na kidole masaa 70

Ijumaa moja saa nne asubuhi mdogo wetu mmoja wa chumba cha kutolea damu alijichoma sindano kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Sindano ndo ilikuwa imetoka kwa mgonjwa muda huo huo. Akavua glavu, akakiminya kidole mpaka damu ikatoka, akakichovya kwenye Jik ya ndoo, akafunga plasta, akavaa glavu mpya akaendelea na foleni manake siku hiyo watu walijaa mpaka kwenye korido. Hakumwambia mtu yeyote. Jumatatu saa mbili asubuhi akaja kusimama mbele ya meza yangu, namwambia karibu mdogo wangu kaa, hakai, anavuta vuta tu mkono wa koti. "Dada samahani, Ijumaa nilijichoma sindano, nimekuja kuripoti. Ila bado niko ndani ya muda."

Bado niko ndani ya muda. Ijumaa saa nne mpaka Jumatatu saa mbili ni masaa 70. Alikuwa amebakiza mawili.

Hii ilitokea Moshi, kwenye maabara niliyokuwa nafanya kazi kabla sijahamia Arusha, jina lake silitaji. Siku ile tulikimbia, sijawahi kukimbia vile kazini, dawa kinga ya HIV (PEP) akaanza kabla saa nne haijagonga, akameza siku zote 28, kichefuchefu kilimtesa wiki nzima ya kwanza, akapima na kupima tena na majibu yote yakatoka hana maambukizi. Namshukuru Mungu mpaka leo. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike, alisema andika dada, kuna mwenzangu mahali anasubiri Jumatatu.

Mchana ule ule nikafungua faili lake. Hilo faili nilikuwa nalitunza mi mwenyewe manake ndo nilikuwa msimamizi wa usalama pale, na kwa macho ya mkaguzi yeyote lilikuwa faili zuri. Saini zake kwenye karatasi za mahudhurio zipo, mara tatu. Cheti kipo. Mtihani wa mwisho wa mafunzo upo, kapata 18 kati ya 20. Swali la 7 linauliza aliyejichoma sindano anatakiwa aanze dawa kinga ndani ya muda gani, kazungushia masaa 72, na pembeni kuna vema ya kalamu nyekundu. Vema niliyoiweka mimi.

Nikamuuliza taratibu, mdogo wangu, kwanini ulisubiri? Akashangaa kabisa. Akasema dada si ulitufundisha tuna masaa 72, Ijumaa foleni ilikuwa ndefu, Jumamosi sikuwa zamu, Jumapili kanisani, nikaona Jumatatu asubuhi na mapema bado nitakuwa ndani. Lile 72 alilichukua kama tarehe ya mwisho ya kulipa ada, kwamba ilimradi hujaivuka uko salama. Wakati ukweli ni kwamba kwenye 72 ndo mlango unafungwa kabisa, dawa inatakiwa ianze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa ya kwanza au ya pili kama inawezekana, na kila saa unayokaa faida yake inapungua. Hatari ya HIV kwa mchomo mmoja wa sindano yenye damu ya mtu mwenye maambukizi ni kama 0.3%, watu 3 kati ya 1000, ni ndogo, ila mweleze hivyo mtu anayetetemeka mbele yako uone kama inamsaidia. Homa ya ini B ndo kali zaidi, kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika hadi 30 kati ya 100 ikitegemea na hali ya mgonjwa aliyetoka damu. Na chanjo yake ni dozi 3, huyu alikuwa kapata 2, lakini kwenye faili nilikuwa nimeandika neno moja tu, "amechanjwa".

Kuminya kidole, na Jik kwenye kidonda, vyote nilishasema visifanyike, ni maji yanayotiririka na sabuni basi. Nilisema. Kwenye slaidi ilikuwepo. Lakini sikuwahi hata siku moja kumpeleka mtu kwenye sinki nikamwambia hebu nioneshe.

Wengi mlioko maabara mnaijua semina yenyewe ilivyo. Projekta, slaidi 60 za kiingereza, chai na sambusa saa nne, karatasi ya mahudhurio inazunguka toka meza ya mbele mpaka ya nyuma, mwisho wa siku fomu ya kuuliza umeipendaje semina na chumba kilikuwaje. Kuna mwalimu wa Marekani, Donald Kirkpatrick, mwaka 1959 alipanga ngazi nne za kupima mafunzo: watu waliyapokeaje, walijifunza nini, kazini walibadilika wapi, na kazi yenyewe ilipata nini. Sisi ngazi ya kwanza tunaipima kwa fomu, ya pili kwa mtihani wa kuzungushia, alafu tunafunga faili. Ya tatu, ile ya kazini, ndo ambayo mtu anajichomea sindano, na huko hakuna anayeenda na kalamu.

Na kuna jambo lingine linaniuma zaidi kulisema ila nitalisema. Wiki mbili kabla ya wakaguzi wa ubora wa maabara, wale wa nyota za SLIPTA au wa ISO 15189, maabara nyingi usiku taa zinawaka. Watu wanajaza mafaili. Unaletewa karatasi ya mafunzo ya Machi na mwezi ni Septemba, unaambiwa we saini tu hapo. Nimeshasaini hivyo. Nimeshasainisha wengine hivyo. Tuliona tunaiokoa maabara, na kwa kweli hatukuona tunachowafanyia wale watu, kwamba tunaweka kwenye rekodi ushahidi kuwa wanajua kitu ambacho hatujawafundisha, na siku wakiumia ile karatasi itasimama upande wa pili wa meza.

Nilipohamia Arusha ndo nikapata namna ya kulieleza hili kwa wenzangu, na ilitokea kwenye otoklevu.

Pale nilipofikia kulikuwa na otoklevu ndogo ya mezani, aina ya sufuria ya presha, ina geji ya presha tu bila kipimo cha joto. Tunaitumia kuua vijidudu kwenye taka za maabara kabla hazijatoka. SOP, yaani maelekezo ya kazi yaliyoandikwa, ilisema presha psi 15, dakika 15, joto 121. Kila mzigo unawekewa tepu ile yenye mistari inayobadilika kuwa myeusi, tepu inabanduliwa, inabandikwa kwenye daftari, saini. Daftari limejaa tepu nyeusi kurasa na kurasa, zuri kuangalia. Nikaomba tuweke kichupa cha spora. Kwa wasiokijua, ni kichupa kina bakteria sugu sana kwa joto, wanaitwa Geobacillus stearothermophilus, unakiweka katikati ya mzigo, ukimaliza unakiotesha siku moja mbili, kikibaki zambarau wamekufa, kikigeuka njano wako hai. Kikageuka njano. Tukarudia, njano tena.

Tepu zilikuwa nyeusi zote. Tepu haikudanganya, kazi yake ni kusema mzigo huu umepita kwenye joto, basi, haijui kama kuna kilichokufa.

Sasa kwanini hawakufa. Ile SOP ilikuwa imenakiliwa kutoka maabara ya Dar, na Dar iko usawa wa bahari. Arusha tuko kama mita 1,400 juu, hewa ya huku ni nyepesi, ndo maana maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 na maharage yanakula mkaa mpaka mtu unakata tamaa, kila mama wa Arusha aliyekulia Tanga au Dar analijua hilo. Geji ya otoklevu inapima presha iliyozidi hewa ya nje, kwahiyo psi 15 ya Dar inakupa 121 na psi 15 hiyo hiyo ya Arusha inakupa kama 118 hivi. Kwa hapa inabidi upandishe mpaka kama 17. Nyuzi tatu unaona ndogo, ila kwa muda ule ule nguvu ya kuua inashuka karibu nusu. Tukapandisha presha, tukaongeza na muda, tukaacha kushindilia mfuko, kichupa kikabaki zambarau.

Kila mtu pale alikuwa amepita mafunzo ya otoklevu na kila mmoja aliweza kuimba psi 15 nyuzi 121 dakika 15. Saini ya mahudhurio ndo ile tepu. Inasema mtu huyu alipita kwenye chumba chenye mafunzo. Mi nataka kichupa. Nataka kitu cha kuweka katikati ya mzigo, pale joto linapopata shida kufika, alafu nikitoe nikiangalie rangi.

Kichupa changu cha kwanza kilikuwa rozela. Nilichemsha rozela nyumbani nikaiongezea unga kidogo iwe nzito, nikaja nayo kazini kwenye tyubu, nikaimwaga sakafuni na tyubu nikaivunjia hapo hapo, nikamwambia kijana wa zamu, hii ni damu, imemwagika sasa hivi, endelea. Sikumwambia kitu kingine, nikakaa pembeni na karatasi. Niliandika kila alichofanya kama kilivyo, sio vema na mkasi, sentensi. "Ameita wenzake wasipite. Amevaa glavu. Ameokota kipande cha kioo kwa mkono." Pale nikamsimamisha. Kijana kapata 20 kati ya 20 kwenye mtihani na swali la vioo lilikuwepo, jibu ni koleo au kibanio, alijibu koleo. Nikamuuliza koleo iko wapi. Akaangalia huku na huku. Hakuwahi kuiona. Nami nikaitafuta, ilikuwa stoo, ndani ya boksi, haijafunguliwa.

Tangu siku hiyo nimefanya hivi na watu wote, mmoja mmoja, kwa dakika 20 tu kila mtu, na nimejifunza zaidi kuliko semina zote nilizowahi kuendesha. Kuvua glavu, mpake rangi ya chakula kwenye glavu alafu avue, uangalie kama vidole vina rangi, karibu nusu walikuwa nayo kwenye kifundo cha mkono. Kabineti ya usalama, lile kabati lenye feni la kufanyia kazi sampuli hatari, mwambie aanze kazi uone kama ataiacha ipulize kwanza na kama karatasi zake zimeziba matundu ya mbele. Makohozi ya TB, mwangalie anavyopasha slaidi kwenye kuipaka rangi na chupa ya asidi ya spiriti iko umbali gani na moto. Haya mambo hayahitaji mfadhili, yanahitaji mtu akae kimya aangalie.

Kukaa kimya kwenyewe ni kazi. Mara nyingi mdomo ulikuwa unanitoka, hapana, kifuniko, angalia kifuniko, na nikishasema hivyo nimeshaharibu, hapo napima masikio yake. Ilibidi nijifunze kuingilia pale tu mtu anapotaka kuumia kweli.

Alafu kuna wazee. Kwenye maabara yetu kuna mzee mmoja, kazi ameanza kabla sijamaliza shule ya msingi, yeye ndo amewafundisha nusu ya watu pale kusoma slaidi ya malaria. Nilimwendea asubuhi, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwomba mzee wangu naomba leo nikae hapa nikuangalie unavyofanya kazi, akacheka akasema kaa tu, labda utajifunza. Akatoa damu vizuri sana, mkono mwepesi, mgonjwa hata hakushtuka. Alafu akachukua kifuniko cha sindano kwa mkono wa kushoto akakirudishia kwa mikono miwili, kitu ambacho tunamkataza kila mtoto wa field tangu siku ya kwanza.

Kalamu ilinigandia. Kwetu huwezi kumwandikia mzee "hajafikia", na zaidi huwezi mbele ya vijana aliowalea. Nilikaa na ile fomu mpaka saa saba. Kwenye chakula nikamfuata nje nikakaa naye chini ya mti, nikamwambia mzee wangu nimeona kifuniko, naomba unisaidie nielewe. Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, sefti boksi mmeiweka kule mlangoni. Wagonjwa wamejaa na watoto wanakimbia. Nitembee na sindano wazi hatua zote zile nimchome mtoto wa mtu?"

Nikarudi nikahesabu mpaka kwenye hilo boksi la kutupia sindano, hatua tisa. Miaka yote alikuwa anachagua kujihatarisha yeye asimhatarishe mtoto, na sisi tulikuwa na fomu yake inayosema amefunzwa mara sita. Sefti boksi tukaihamisha siku hiyo hiyo, tukaweka moja kila kiti cha kutolea damu, mkono unafika bila kunyanyuka. Kwenye fomu niliandika yote: kilichoonekana, sababu aliyoitoa, boksi lilikokuwa, lilikohamishiwa, tarehe aliyorudia, na kwamba aliporudia hakurudishia kifuniko. Nikampa asome kabla ya kusaini. Alisoma mpaka mwisho akasema hii ndo karatasi ya kwanza humu ndani inayosema kweli kuhusu mimi.

Ndo maana nasema fomu yenye sehemu ya "amefikia" na "hajafikia" peke yake haitoshi, lazima iwe na nafasi kubwa ya kuandika kwanini. Mara nyingi kosa sio la mkono wa mtu, ni la boksi, ni la koleo iliyofungiwa stoo, na ukiandika "amefundishwa tena" umemrudishia mtu semina kwa kosa la fenicha.

Nije kwa mama zetu wa usafi manake hapa ndo tunaaibisha kabisa. Toka nimeanza kazi sijaona mama wa usafi amekaa kwenye semina ya usalama kama mwanafunzi, anaitwa kupanga viti na kuleta chai. Na yeye ndo anayegusa kila mfuko, ndo anayechanganya Jik, ndo anayedeki. Slaidi ni kiingereza, mtihani ni wa kuandika, kwahiyo tunamwacha nje alafu kwenye rekodi tunaandika wafanyakazi wote wamepata mafunzo.

Mi nilianza naye kwa mdomo, kwa kiswahili, pale pale kwenye beseni lake. Mama, nioneshe unavyochanganya. Jik ya 3.5% ukitaka ya 0.5% unaweka kipimo kimoja cha Jik na vipimo sita vya maji. Alichukua kikombe cha plastiki akahesabu kwa sauti, moja ya Jik, sita za maji, bila kukosea, wakati siku hiyo hiyo wateknolojia wawili wenye diploma walinimiminia kwa macho. Alichokosea ni kwamba mchanganyiko aliuacha ndoo wazi karibu na dirisha siku mbili, na klorini haikai hivyo, inaondoka, inatakiwa uchanganye kila siku. Hakuna aliyewahi kumwambia. Nikaandika hivyo, hakuna aliyewahi kumwambia, na akaweka alama yake ya kidole na shahidi akasaini. Rekodi halali kabisa hiyo.

Nikaongeza swali ambalo sasa namuuliza kila mtu, mama, kuna kitu humu ndani kinakuogopesha? Akasema zile chupa za mashine mpya ya vinasaba, maji yake yakikutana na Jik yanatoa harufu inakaba koo, mi nikiziona nashika pumzi. Nilisimama pale mwili umenisisimka. Zile dawa za kupasulia seli zina guanidini thiosayaneti, na hiyo ikikutana na Jik inatoa gesi za sumu, zikiwemo za jamii ya sayanaidi. Imeandikwa kwenye maelekezo ya mtengenezaji, kwa kiingereza, kwenye faili, kwenye kabati. Sisi wote tumekulia kwenye Jik kwa kila kitu, mama ndo aliyetuambia kwamba kwa ile mashine Jik ni hatari, na alikuwa ameshika pumzi miezi. Siku hiyo taka za ile mashine zikapata ndoo yake yenye lebo ya kiswahili, na Jik haikaribii.

Sasa kuhusu kuandika. Kuna watu wananiambia dada wewe umechoka na makaratasi, hapana, mi ndo nayapenda kuliko mwanzo. Kinachoniuma ni makaratasi matupu. Mwaka 2008, tarehe 29 Desemba, kwenye chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, msaidizi wa utafiti anaitwa Sheharbano Sangji, miaka 23, alikuwa anavuta kwa bomba la sindano la plastiki kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa, bomba likachomoka, sweta lake likashika moto, koti la maabara hakuwa nalo. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la California walipokuja, moja ya mambo makubwa yaliyotafutwa ni alifundishwa nini kuhusu ile kemikali na iko wapi karatasi, na chuo kikapigwa faini. Kesi yake ikafika mpaka mahakamani kama jinai. Kila nikisaini fomu ya mtu namfikiria yule binti, kwamba siku moja mama wa mtu anaweza kuomba kuiona hii karatasi.

Wenzetu wa huko kwenye kanuni yao ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu ya mwaka 1991 wameagiza rekodi ya mafunzo iwe na tarehe, muhtasari wa kilichofundishwa, jina na sifa za aliyefundisha, majina na kazi za waliohudhuria, na itunzwe miaka 3. Rekodi za afya za mfanyakazi, kama chanjo ya homa ya ini na ajali za sindano, wanatunza muda wote wa ajira yake na miaka 30 juu yake. Miaka 30. Mi nilikuwa na neno "amechanjwa". Kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambebesha mwajiri jukumu la kufundisha, na kama mtu ameumia na anadai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, cha kwanza anachohitaji ni maandishi yaliyoandikwa siku ile ile. Yule mdogo wangu wa Moshi angeugua, faili lake lingesema alifundishwa, alifaulu, na amechanjwa. Kila neno lingekuwa dhidi yake.

Fomu yangu siku hizi ni ukurasa mmoja na naandika kwa mkono. Aliyefundisha sio anayepima, hilo sibadilishi, manake mwalimu anamsaidia mwanafunzi wake kwa macho bila kujua. Mgeni anapimwa mara mbili mwaka wa kwanza alafu kila mwaka, hii nimeichukua kwenye utaratibu wa maabara wa Marekani, CLIA, wenyewe wameuweka kwa ajili ya upimaji lakini kwa usalama unafaa vile vile. Na hakuna anayeruhusiwa kazi hatarishi kabla ya fomu, hata kama zamu ina upungufu, hapo ndo tunagombana na mabosi zaidi na nitaendelea kugombana.

Kitu cha mwisho ni zamu ya usiku, manake vipimo vyote hivi nilikuwa navifanya mchana nikiwepo. Wiki tatu zilizopita nikaja saa nane usiku, baridi ya Arusha mnaijua, nikamkuta kijana peke yake. Nikampa sindano mpya yenye kifuniko nikamwambia mdogo wangu, umejichoma na hii, sasa hivi, mgonjwa hujui hali yake. Nenda. Nikawasha saa ya simu.

Alinawa kwa maji na sabuni, hakuminya, nikafurahi. Akaandika muda kwenye daftari la ajali. Akashuka wodi ya dharura, nesi akampokea vizuri, akasema dawa kinga ziko kwenye kabati la famasi. Kabati limefungwa. Funguo anayo mfamasia na mfamasia yuko kwake Ngaramtoni, akapigiwa simu haikupokelewa, akapigiwa tena, alipokea saa kumi na moja na dakika tano alfajiri akasema nakuja. Saa ya simu yangu ilipofika funguo mlangoni ilisoma masaa 4 na dakika 10.

Kwenye fomu ya yule kijana niliandika "amefikia" kwa kila hatua yake. Kwenye ukurasa wa nyuma nikaandika ya funguo, muda kwa muda, nikaipeleka asubuhi kwa uongozi nikasubiri hapo hapo mpaka ikasomwa. Sasa dozi za kuanzia ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa mhuri kwenye droo ya nesi wa dharura, usiku na mchana, na kila zamu inaihesabu na kusaini. Juzi Jumapili usiku tumerudia na mtu mwingine, dada mgeni hana hata miezi miwili. Dakika 17.